Uzito wa Kikosi cha Tatu

Asubuhi ile Mizani ilipomtaja Ambakisye, Atuganile alidhani imekosea jina. Alifuta kioo cha kishikwambi kwa mkono wa sweta, maana ukungu wa milima ya Uporoto huingia hata ndani ya kontena la ofisi, akasoma tena. Jina lilikuwa lilelile.

*Kikosi cha Tatu. Chanzo cha uzito: Ambakisye Mwakibete. Pendekezo: ahamishiwe Chumba cha Pampu, kilomita ya tisa. Afisa ustawi atie sahihi kabla ya zamu ya Jumatano.*

Afisa ustawi alikuwa yeye, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Handaki zima la reli lilimjua Ambakisye. Mtu wa Tukuyu, miaka hamsini na mmoja, mnyunyizia zege. Mwamba ukishakatwa, kabla haujapata wazo la kushuka, yeye ndiye aliyesimama chini yake na bomba begani akiupaka zege mpaka ukatulia. Katika miaka minne hakuna aliyemsikia akipaza sauti, isipokuwa pale aliposhindana na kelele za kompresa. Kama ingetajwa kuwa yupo mtu anayewaumiza wenzake kwa maneno au kwa kiburi, Atuganile angeweza kuorodhesha majina arobaini kabla ya kulifikia la Ambakisye.

Akafungua mchoro.

Kila mmoja wa wafanyakazi mia nne alivaa mkanda kifuani, mwembamba kama utepe wa cherehani. Mkanda ulisikiliza moyo, pumzi, jasho, na namna mtu alivyoinua miguu, kisha Mizani, programu ya kompyuta za mradi, ikayageuza yote hayo kuwa namba moja. Wenyewe waliiita uzito. Chini ya thelathini, mtu katulia. Akivuka sitini, alitolewa kazini akapewa chai, kitanda, na mshauri kama alimtaka, na mshahara haukuguswa. Lakini Mizani ilijua na jambo jingine ambalo hakuna nyapara aliyewahi kulipima: namna uzito unavyohama. Nyapara aliyefoka asubuhi alionekana vifuani mwa watu wake hadi alasiri. Ratiba iliyobana sana ilionekana. Hata mzaha wa kumdhalilisha mtu ulionekana, ukiruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Mizani ilitenganisha waliochukiana, ikapunguza kasi ya mitambo watu walipoanza kukimbizwa nayo, ikapanga zamu upya kila juma. Atuganile alikuwa amepinda nondo katika mahandaki mawili ujanani mwake, na kote kuwili alizika wenzake. Hili la sasa lilikuwa limefika kilomita kumi na nne, na halikuwa limezika mtu.

Mchoro wa Kikosi cha Tatu ulikuwa na mistari sita. Mitano ilipanda kila Ambakisye alipoingia zamu, kutoka thelathini na kitu hadi hamsini na saba. Siku zake za mapumziko ilishuka. Hakukuwa na shaka. Uzito ulitoka kwake.

Mstari wa sita ulikuwa wake mwenyewe. Kumi na tisa. Kumi na tisa. Ishirini. Kumi na tisa. Ulinyooka hivyo kwa wiki tano, kama uzi uliovutwa na fundi.

Mtoto mchanga aliyeshiba na kulala huwa na kumi na tisa, Atuganile aliwaza. Na wiki tano ndizo zilizopita tangu Ambakisye alipomzika mkewe, Tumpe. Alipewa siku saba za msiba. Siku ya nne alikuwa amerudi kazini.

*

"Weka sahihi," alisema Mhandisi Zubeda Kihiyo. Alikuwa amesimama mlangoni na buti zimejaa tope, hakutaka kuuchafua mkeka. "Wamefika hamsini na saba. Wakivuka sitini kikosi kizima, sheria inanilazimisha kufunga uso wa handaki, pale tunapochimba. Nikiufunga, kikosi cha nne na cha tano wanasukumwa kufidia, na wao nao wanapanda. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo."

"Namba zake umeziona?"

"Nimeziona. Ni nzuri."

"Mtu amezika mke juzi, Mhandisi. Ana kumi na tisa."

Zubeda alivua helmeti akajikuna kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa kwanza aliwahi kusimamisha mtambo wa kutoboa siku mbili kwa ajili ya dereva mmoja aliyeshindwa kulala. "Wapo wenye imani," alisema. "Mama yangu alimzika baba na kesho yake akaenda shambani. Na kule pampu kuna kimya, Atu. Hakuna kompresa, hakuna vumbi. Mtu mmoja na mashine zake. Huenda ndicho anachohitaji."

"Mtu mmoja saa nane. Peke yake."

"Mizani imekosea lini?"

Atuganile alijua kwamba haikuwa imekosea. "Niwaulize wenzake kwanza," alisema. "Niwaambie ninachokiona, nisikie wanasemaje."

"Uliapa," alisema Zubeda kwa sauti ya chini. Akavaa helmeti yake akaenda.

Ndiyo, aliapa. Mikanda ilipoletwa mara ya kwanza, watu waligoma kuivaa. Habari zilikuwa zimeenea za mradi mmoja wa kule kusini ambako namba zilivuja, na kila aliyekuwa na uzito mkubwa akaondolewa mmoja mmoja, kimyakimya, kama mtu anayechambua mchele. Ndipo Atuganile alipopanda juu ya lori pale getini, na sugu zake za nondo viganjani, akasema mbele ya watu mia nne: hakuna atakayeambiwa kilichomo kifuani mwa mwenzake. Si nyapara, si mke, si mume, si mchungaji. Kila mtu ataona chake peke yake. Watu walimtazama mikono, wakavaa.

*

Alimkuta Ambakisye wakati wa chai, kilomita ya kumi na nne, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wenzake walikuwa wameketi hatua chache pembeni, wakicheka jambo fulani. Taa za handaki ziliwapa wote rangi moja ya udongo.

"Ugonile, kaka," alimsalimu Kinyakyusa.

"Ndaga, dada. Karibu." Alisogea akampa nusu ya ndoo.

Atuganile alimweleza habari za Chumba cha Pampu. Hakusema imetoka wapi. Alisema tu kwamba ipo nafasi, na kwamba hakuna anayemlazimisha. Alitarajia swali, au walau kunung'unika, maana kila mtu handakini alijua kwamba pampu ni kazi ya kuzeekea.

"Huko ni mtu mmoja tu?" aliuliza Ambakisye.

"Mmoja."

"Zamu nzima?"

"Zamu nzima."

"Vizuri sana." Alisema kama mtu aliyeonyeshwa kiti baada ya kusimama muda mrefu. "Nianze lini? Sikitu anaweza bomba sasa. Nimemfundisha mwezi huu wote. Mkono wake hautetemeki kabisa, mwandike yeye." Alimwelekezea kidole mwanamke wa miaka thelathini aliyekuwa akipuliza chai yake kule kwa wenzake.

"Nani alikuagiza umfundishe?"

"Hakuna. Niliona tu ni vema pawe na mtu."

Atuganile alitazama chini. Buti za Ambakisye zilikuwa za zamani, zimechanika ubavuni, si zile mpya walizogawiwa mwezi uliopita. Alijua mkanda wake mwenyewe ulikuwa umeshaipandisha namba yake.

Aliuliza kama alivyofundishwa kuuliza, bila kuzunguka. "Kaka Ambakisye, unafikiria kujiua?"

Hakushtuka. Alitabasamu, tena kwa upole, akagusa kifua chake mahali mkanda ulipopita. "Dada, mtambo wako unasemaje?"

"Unasema umetulia."

"Basi," alisema Ambakisye. Akamwaga machicha ya chai, akainuka, akaenda kuosha bomba lake.

Njiani kurudi, ndani ya kitoroli cha umeme, Atuganile aliandika ombi la mshauri wa dharura. Jibu lilikuja kabla hajafika nje. *Uzito wa mhusika: 19. Hakuna sababu ya dharura. Nafasi iliyo karibu: siku kumi na mbili.* Alimpigia mshauri mwenyewe kule mjini. Simu ilipokelewa na mashine iliyosoma namba ileile na kumpa siku zilezile.

*

Jumanne alijaribu njia iliyo halali. Ambakisye alikuwa ameitwa nje kupimwa macho na masikio kwa ajili ya kuhama, na wale watano walikuwa pale pale kwenye ndoo zao. Atuganile alimpa kila mmoja karatasi yenye namba zake mwenyewe. Hiyo ilikuwa haki yao. Alitumaini wataziweka pamoja na kuona wenyewe, naye asilazimike kufungua kinywa.

Sebastiani Ngailo, nyapara wao, mtu mnene mwenye ndevu za mvi, aliisoma yake mara mbili. "Hamsini na nane? Mimi? Nyumbani kwangu kuna amani kuliko kanisani."

"Yangu inapanda kila siku tukikutana kwenye kitoroli," alisema Sikitu. "Asubuhi kweupe, hata kazi hatujaanza."

"Ni mwamba," alisema mwingine. "Mwili unajua kabla ya kichwa. Baba yangu alichimba makaa, alisema mwamba ukitaka kushuka nywele za shingoni zinasimama."

Wote waliinua macho juu. Atuganile aliona jambo lililomtisha kuliko lile aliloliogopa: walikuwa tayari kuamini chochote isipokuwa kile walichokijua. Ngailo alikuwa ameshatoa redio mkononi, anataka kusimamisha kazi na kupiga nondo upya mita thelathini za paa.

Kisha akasita. Akamtazama Atuganile.

"Dada Atu. Sisi tumezoeana. Ni mwamba au ni mtu?"

Angeweza kusema ni mwamba. Wangepiga nondo siku mbili, hakuna ambaye angeumia, na Jumatano Ambakisye angeshuka kwenye Chumba cha Pampu na kufunga mlango nyuma yake. Angeweza kusema hajui. Aliwaza lori pale getini. Aliwaza kwamba kama yeye ndiye aliyekosea, na huyu bwana ana imani tu kama mama yake Zubeda, basi atakuwa ameuvunja ukuta mzima kumtafuta panya ambaye hayumo.

"Ni Ambakisye," alisema. "Yeye mwenyewe ana kumi na tisa. Tangu amzike Tumpe hajapanda hata mara moja. Ninyi ndio mnaopanda. Na Mizani inataka nimpeleke pampu akakae peke yake, ili ninyi mshuke."

Mahali fulani mbele maji yalidondoka.

Sikitu aliweka kikombe chini. "Amenipa glavu zake," alisema. "Zile za ngozi. Nilimwambia, mzee, na wewe je? Akasema hatazihitaji." Akatazama mikono yake. "Nikazipokea. Nikasema asante."

"Mimi nina buti zake," alisema yule mtoto wa mchimba makaa.

"Jumapili alikuja kwangu," alisema Ngailo polepole. "Hajawahi kuja kwangu. Akakaa, akawashika watoto mikono mmoja mmoja, akaondoka. Mke wangu akaniuliza, huyu anasafiri? Nikasema hapana. Nikala nikalala." Akasimama, na ndoo yake ikaanguka. "Yuko wapi sasa?"

Walimkuta stoo, nje, akimrudishia mtunza stoo ufunguo wa kabati lake. Kabati lilikuwa tupu na limefagiliwa. Ngailo hakumwambia lolote la maana. Alimshika bega akasema, "Mzee, leo unakula kwangu," na wale wengine wakasimama kumzunguka kama watu wanaomkinga mtu upepo. Ambakisye alisema hana njaa. Ngailo akasema hata yeye hana, lakini watakula. Siku hiyo na usiku wake hakuachwa peke yake hata chooni. Kesho yake Ngailo na Sikitu walipanda naye gari hadi hospitali ya Mbeya, wakakaa naye kwenye benchi tangu asubuhi mpaka daktari alipomwita, na walipoambiwa watoke walikataa hadi Ambakisye mwenyewe aliposema, "Nendeni. Nitamwambia."

*

Habari ya handakini husafiri haraka kuliko kitoroli. Alhamisi asubuhi Atuganile alikuta mikanda imetundikwa kwenye wavu wa geti, mmoja baada ya mwingine, kama samaki walioanikwa. Alihesabu mia moja thelathini na mmoja. Hawakumtukana. Wengi walimsalimu kama kawaida. Mzee mmoja wa kikosi cha sita alisimama kidogo mbele yake akasema, "Uliokoa mtu, mama, hatukatai. Lakini mimi nina mambo yangu humu kifuani, na sasa najua kwamba siku ukiona inafaa, utayasema." Akaingia zamu.

Jumatatu iliyofuata walimsimamisha kazi. Zubeda ndiye aliyemletea barua, na alikaa naye kontenani muda mrefu, mikono yote miwili imefumbata kikombe kilichopoa.

Ambakisye alikuja kwake baada ya wiki tatu. Atuganile alikuwa amepanga chumba Uyole, na alikuwa akimenya viazi mlangoni alipoona kivuli chake. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu.

"Umenivua nguo mbele ya watoto wadogo," alisema, bado amesimama. "Sikitu ni sawa na binti yangu. Sasa hivi nikiingia chooni anahesabu dakika."

"Najua, kaka."

"Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nilikuwa sina maumivu tena. Unaelewa? Yalikuwa yamekwisha."

"Naelewa."

"Huelewi." Aliketi kwenye ngazi, chini yake. Akachukua kiazi na kisu kingine akaanza kumenya. "Jana nimelia," alisema. "Kwenye foleni ya dawa, mbele ya watu. Nimelia kama mtoto, mpaka muuguzi akanitoa pembeni. Sasa yanauma kila siku. Asubuhi nikiamka yanauma kabla sijakumbuka ni kwa nini." Alitupa kiazi kwenye sufuria. "Sijui kama nakushukuru. Nimekuja kukwambia hivyo, usije ukasikia kwa watu kwamba nimekushukuru."

"Sawa."

Alimenya viazi vyote vilivyobaki, akakataa kula, akaenda zake.

*

Ajali ilitokea siku tisa baadaye, katika kikosi cha saba. Obedi Msigwa, dereva wa behewa la mawe, miaka ishirini na minane. Alikuwa hajalala siku tatu, kwa sababu mwanawe alikuwa na homa. Aliteremka kuangalia breki, akasimama mahali asipopaswa kusimama, na behewa likajisogeza. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Mkanda wake ulikuwa kwenye wavu wa getini tangu ile Alhamisi. Mtu yeyote aliyewahi kusoma michoro ile alijua kwamba Mizani ingemwona Obedi tangu siku ya kwanza, ingempa kitanda na chai, na mtu mwingine angeendesha behewa.

Atuganile alisikia sokoni. Akaacha alichokuwa akinunua.

Wodini Obedi alikuwa kitanda cha mwisho, kando ya dirisha. Shuka lilikuwa limenyooka mahali palipopaswa kuwa na mguu. Atuganile alijitambulisha, ingawa Obedi alimjua, nani asiyemjua. Akamwambia bila kupamba. Kwamba yeye ndiye aliyevunja kiapo. Kwamba kwa sababu hiyo watu walivua mikanda. Kwamba kama angenyamaza, Obedi angekuwa na miguu miwili.

Obedi alimsikiliza akitazama dari.

"Huyo mzee," aliuliza, "yupo?"

"Yupo."

"Ni mzima?"

"Si mzima. Lakini yupo."

Obedi aliitikia kwa kichwa polepole. "Nimefurahi," alisema, na Atuganile aliona kwamba ni kweli. "Lakini mimi sikuulizwa."

Njia nzima Atuganile alikuwa amejiandalia maneno. Alikuwa na sababu, tena sababu nzuri; alikuwa amezipanga kwa ajili ya kamati ya nidhamu ambayo ingemsikiliza mwezi ujao. Sasa hakuona hata moja ambayo ingeweza kusemwa mbele ya shuka lile.

"Hukuulizwa," alisema.

Muuguzi alipita akigonga vitanda kwa kalamu, akisema muda wa wageni umekwisha, wageni watoke. Atuganile aliinuka, akachukua mkoba wake.

"Mwache akae," Obedi alimwambia muuguzi. Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni na hakuyafuta. "Bado sijamaliza naye."

Muuguzi aliwatazama wote wawili, akapita. Atuganile alivuta kigoda hadi karibu na mto, akaketi. Obedi alivuta pumzi, akaanza kumweleza, tangu usiku wa kwanza mtoto alipopata homa.